Zaburi ya 67 na Mizani Nane za Thomas Tallis

Leo nataka kukueleza habari za wimbo mmoja mdogo sana. Ubeti wake una noti 32 tu. Mtu akianza kuuimba wakati wewe unafunga kamba za viatu, atamaliza kabla hujafika kiatu cha pili. Lakini wimbo huo umeimbwa tangu mwaka wa 1567 au karibu na hapo, na mwaka huu ulinitia aibu mbele ya nyanya yangu. Hebu tuanze na hiyo aibu.

Kanisani kwetu huwa kuna Jumapili ya mavuno. Watu huleta mahindi, ndizi, maharagwe, kuku, na mwenye nacho huleta hata mbuzi. Kwaya ya vijana ilipewa Zaburi ya 67 kwa sababu ndani yake kuna habari za nchi kutoa mazao yake. Mwalimu wetu wa kwaya akaleta tuni kutoka kitabu kikuukuu cha nyimbo. Juu ya ukurasa palikuwa na jina "Tallis" na tarakimu 8.8.8.8. Kwa kuwa mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nikaambiwa, "Wewe ndiwe mshairi, tutungie maneno." Nikatunga. Tukafanya mazoezi wiki nne. Siku ilipofika tukaimba kwa madaha, na kinanda kikalia kweli kweli.

Baada ya ibada nikamkimbilia nyanya nikitarajia sifa. Akanishika mkono akaniambia, "Mjukuu wangu, mmeimba vizuri sana. Sasa niambie, ile ilikuwa lugha gani?"

Nilidhani anatania. "Nyanya, kilikuwa Kiswahili!"

"Haya," akasema. "Mimi nilisikia amina peke yake."

Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka, maana maneno nilikuwa nimeyatunga mimi. Nyanya hana tatizo la masikio, na Kiswahili anakijua kuliko mimi. Basi nikaanza kuchunguza. Kumbe swali lake si geni. Liliwasumbua watu wa Uingereza katika karne ya 16, na wimbo wenyewe tulioimba ulitungwa katika kulijibu swali hilo hilo.

KILATINI NA NOTI NYINGI

Zamani zile ibada za makanisa ya Uingereza zilikuwa kwa Kilatini. Mkulima, mwashi, mama muuza mikate, wote waliingia kanisani wakasikia zaburi katika lugha wasiyoizungumza nyumbani. Isitoshe, waimbaji wa makanisa makubwa walikuwa mafundi. Silabi moja waliweza kuivuta kwa noti kumi, ishirini au zaidi, huku sauti ya pili iko katika neno jingine na sauti ya tatu katika neno jingine tena. Kwa masikio ilikuwa asali. Kwa maana ilikuwa mtihani, hata kwa yule aliyejua Kilatini.

Mwaka wa 1534 Mfalme Henry wa Nane alilitenga Kanisa la Uingereza na Papa wa Roma. Miaka kumi baadaye, yaani 1544, Askofu Mkuu wa Canterbury, Thomas Cranmer, alimwandikia mfalme barua kuhusu nyimbo za maombi zilizokuwa zinatayarishwa kwa Kiingereza. Shauri lake kwa ufupi lilikuwa hivi: wimbo usijazwe noti nyingi, bali kadiri inavyowezekana kila silabi ipewe noti moja, ili maneno yasikike. Mwaka wa 1549, wakati wa Mfalme Edward wa Sita, Kitabu cha Sala kilitoka kwa Kiingereza. Zaburi zote 150 zilipangwa humo zisomwe kila mwezi, asubuhi na jioni, hadi ziishe, kisha kuanza upya.

Sasa fikiria wewe ni mtunzi wa muziki. Maisha yako yote umefundishwa kuvuta silabi, halafu unaambiwa: silabi moja, noti moja. Ni kama fundi wa kuchonga milango ya Lamu aambiwe atengeneze stuli. Je, ufundi wako utauweka wapi?

TALLIS ALIKUWA NANI?

Thomas Tallis alizaliwa karibu mwaka wa 1505. Alifanya kazi ya muziki katika nyumba za watawa, na ya mwisho kati ya hizo, Waltham, ilifungwa kwa amri ya serikali mwaka wa 1540. Akapoteza kibarua. Akaenda Canterbury, kisha akaingia katika kwaya ya mfalme mwenyewe, na huko akabaki hadi alipofariki mwaka wa 1585. Alizikwa Greenwich, karibu na London.

Aliwatumikia watawala wanne: Henry wa Nane, Edward wa Sita, Malkia Mary na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hili si jambo dogo. Chini ya Edward ilitakiwa Kiingereza na unyoofu. Mary alipotawala mwaka wa 1553 alirudisha Kilatini na Ukatoliki, na Cranmer yule wa barua akachomwa moto akiwa hai mwaka wa 1556. Elizabeth alipoingia mwaka wa 1558, Kiingereza kikarudi. Watu walipoteza kazi, na wengine wakapoteza roho. Tallis aliandika alichotakiwa kuandika, na kila mara akaandika vizuri. Mtu huyu huyu aliyetunga noti 32 za wimbo wetu ndiye aliyetunga wimbo wa Kilatini wenye sauti 40 tofauti zinazoimbwa kwa pamoja. Kwa hivyo tusiseme aliandika wimbo mwepesi kwa sababu hakuweza mgumu.

KITABU CHA ASKOFU PARKER

Katika miaka ya Malkia Mary alikuwako padri mmoja msomi, Matthew Parker, ambaye alipoteza vyeo vyake akaishi kwa kujificha. Watu wengine wakifichwa huota kutu, lakini Parker alikaa akazigeuza zaburi kuwa mashairi ya Kiingereza, akamaliza mwaka wa 1557. Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Elizabeth alimfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, kiti kile kile cha Cranmer. Zaburi zake zilipigwa chapa London na John Day karibu mwaka wa 1567, na mwishoni mwa kitabu kukatiwa tuni tisa za sauti nne. Mtunzi wa tuni hizo alikuwa Tallis.

Kitabu hicho kinaeleza hata tabia ya kila tuni. Moja ni pole, nyingine ya huzuni, na ya tatu ni kali kama mtu mwenye hasira. Hiyo ya tatu ilitumiwa kwa Zaburi ya 2, inayosimulia mataifa yakifanya ghasia. Mwaka wa 1910 Mwingereza mwingine, Ralph Vaughan Williams, aliichukua akaitungia kazi ndefu ya ala za nyuzi ambayo hupigwa mpaka leo.

Tuni yetu ni ya nane, nayo iliwekewa Zaburi ya 67. Hapo mwanzo kila mstari ulirudiwa. Mwaka wa 1621 Thomas Ravenscroft aliyaondoa marudio, ukawa mfupi kama tunavyouimba leo. Katika karne ya 18 ulianza kuimbwa na maneno ya wimbo wa jioni wa Askofu Thomas Ken, na kwa maneno hayo ndiyo ukaenea ulimwenguni. Wengi wanaouimba hawajui kwamba ulizaliwa kama zaburi.

MATATU MBILI, BARABARA MOJA

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe. Tallis alitii sheria: kila silabi noti moja, na noti zote zina urefu mmoja. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuushika kwa dakika kumi. Lakini ndani yake kuna siri ambayo sikuijua mpaka sauti yangu ilipovunjika nikahamishwa kutoka sauti ya kwanza kwenda teno.

Nilipofika teno nikaona ajabu. Noti zangu zilikuwa zile zile nilizoimba katika sauti ya kwanza, ila sasa naanza nimechelewa kwa noti nne. Sauti ya kwanza inatangulia, teno inafuata nyuma kwa tuni ile ile, neno kwa neno, mpaka mwisho. Mtindo huu huitwa kanoni, ndiyo maana wimbo wenyewe hujulikana kama Kanoni ya Tallis. Alto na besi hazifuatani hivyo, kazi yao ni kujaza katikati na chini.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo nitakupa mfano wa matatu. Chukua matatu mbili za njia moja. Zinapita vituo vile vile, ila ya pili inaondoka baadaye. Sasa weka sharti kwamba kila wakati, popote zilipo, abiria wa matatu ya kwanza na wa ya pili waweze kusalimiana bila kugombana. Ile ya kwanza ikipanda mlima, ya pili iko chini, na bado zipatane. Huo ndio mtihani wa Tallis. Kila noti aliyoiandika ilibidi ipatane na noti aliyoiandika hatua nne nyuma. Akibadilisha moja tu mwanzoni, mbele kutaharibika.

Chukua mstari wa kwanza kwa solfa: do do ti do, do re re mi. Sauti ya kwanza ikifika noti ya tano, yaani do ya pili baada ya ti, teno ndipo inaanza do yake ya kwanza. Sasa angalia panapofuata. Sauti ya kwanza inapanda re, lakini teno bado imeng'ang'ania do. Re na do zikikutana hukwaruzana kidogo. Kisha sauti ya kwanza inabaki re na teno inashuka ti, wakapatana. Halafu mi juu na do chini, na nyumba imetulia. Ugomvi na suluhu ndani ya noti tatu, na mwimbaji anadhani anaimba kitu rahisi!

8.8.8.8 NI NINI?

Zile tarakimu za juu ya ukurasa nilidhani ni sura na aya za Biblia. Mwalimu wa kwaya akacheka. Akasema, "Hesabu silabi za kila mstari." Nikahesabu: nane, nane, nane, nane.

Nikaruka! Ndugu msomaji, wewe uliyekaa katika darasa la ushairi, umeshaona? Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kwa kawaida kila kipande kina mizani nane. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka wa 1728, uko katika mizani hizo hizo. Washairi wa Pate hawakujifunza kwa Parker, wala Parker hakujifunza kwao. Ni bahati tu kwamba nguo iliyoshonwa London inamtosha mtu wa Pwani yetu.

Kwa hivyo nilipoambiwa nitunge maneno, nilitunga utenzi. Nikahesabu mizani, nikapanga vina: vipande vitatu kina kimoja, cha nne kina chake ambacho hurudi katika kila ubeti. Nilikuwa na uhakika nimemaliza kazi. Kumbe nguo ilitosha urefu lakini mabega hayakukaa sawa.

MKAZO ULIOPOTEA

Katika Kiswahili, mkazo au shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sote tunasema muNGUni? Hapana, tunasema muNGUni tukiwa tumeongeza -ni, lakini neno lenyewe peke yake ni MUngu. Ongeza silabi, mkazo unahama. Na mkazo ukiwekwa mahali pasipo pake, maana huweza kupotea au kubadilika. Mwalimu wetu hutupa mfano wa barabara. Ukisema baraBAra ni njia ya magari. Ukisema baRAbara ni sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile.

Sasa mashairi ya Kiingereza ya namna ile huanza kwa wepesi yakamalizia kwa uzito. Silabi ya kwanza nyepesi, ya pili nzito, ya tatu nyepesi, ya nne nzito, hadi ya nane ambayo ni nzito. Kinanda nacho hupiga uzito hapo hapo. Kipande changu cha kwanza kilikuwa "Mungu wetu wa rehema." Ukikiimba kwa mpigo wa Kiingereza kinakuwa hivi: mu-NGU we-TU wa RE-he-MA. Jaribu kukisoma kwa sauti. Je, hapo umesikia Mungu? Umesikia rehema? Mimi niliyekitunga sikusikia. Nyanya angesikiaje?

Basi ona mambo yalivyo. Cranmer aliagiza silabi moja noti moja ili maneno yaeleweke, na sisi tuliishika sheria yake bila kukosa hata silabi moja, na bado maneno hayakueleweka. Kumbe sheria ile ilitosha kwa Kiingereza, kwa sababu Parker alipanga mikazo ya lugha yake. Sisi tulihesabu tu.

TULIVYOREKEBISHA

Nilimwendea mwalimu wa kwaya na tatizo langu. Akafikiri, akaniambia kuna njia moja. Kwa kuwa noti zote za tuni zina urefu mmoja, tunaweza kuhamisha uzito. Badala ya kukanyaga noti ya pili, tukanyage ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Noti hazibadiliki hata moja. Teno bado inafuata kwa noti nne. Kinachobadilika ni mahali mguu unapokanyaga. Na silabi ya saba kati ya nane ndiyo ya pili kutoka mwisho, yaani pale pale Kiswahili kinapotaka mkazo!

Lakini hata hapo ilinibidi nirudi kwenye daftari. Kipande changu cha pili kilikuwa "Utujalie uzima." Mizani ni nane, safi. Ila mkazo wa utujalie uko kwenye LI, ambayo ni silabi ya nne, mahali pepesi. Nikakibadilisha kikawa "Tujalie na uzima," na sasa LI ni ya tatu. Nikapitia kila kipande hivyo, nikigonga meza kwa kidole hadi dada yangu akanifukuza sebuleni. Beti mbili za kwanza zikawa hizi:

Mungu wetu wa rehema,
Tujalie na uzima,
Mataifa yakasema,
Kwamba wewe watutunza.

Mashambani na mavuno,
Tuyakate kwa mikono,
Na vinywani liwe neno,
Kila siku la kufunza.

Sitaki kukuficha, kuna kitu tulikipoteza. Unakumbuka ule ugomvi mtamu wa re na do? Kwa mpigo wa Kiingereza unaangukia mahali pazito, na suluhu yake mahali pepesi, kama mtu anayelalamika kisha akashusha pumzi. Tulipohamisha uzito, ugomvi ukaangukia mahali pepesi, hausikiki kama zamani. Mwalimu wa kwaya alisikitika kidogo. Mwenzangu mmoja wa besi alisema wazi kwamba tumeharibu kazi ya watu, na kwamba heri tungeimba kwa Kiingereza chake. Tulibishana naye mpaka mlinzi akaja kufunga mlango wa kanisa.

Mimi nasema hivi. Mwenye hoja ya besi ana haki yake, na tuni ile ikiimbwa kwa Kiingereza ibaki ilivyo. Lakini zaburi ni maneno kwanza. Tuni hii ilitungwa ili yaeleweke, na ikiwa ni lazima tupoteze kimoja, tupoteze mkwaruzo wa noti mbili kuliko kumpoteza msikilizaji. Tatizo hili si letu peke yetu. Tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844 na kuanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, nyimbo nyingi za ng'ambo zimevishwa maneno ya Kiswahili. Zichunguze zile unazoziimba kila Jumapili. Utakuta nyingine mizani ni kamili lakini mikazo inachechemea, nasi tumezizoea hata hatusikii tena.

NYANYA TENA

Jumamosi moja wanakwaya wanne tulikwenda kwa nyanya. Alikuwa nje anapembua maharagwe. Hatukumwambia kitu. Mmoja akaanza sauti ya kwanza, nami nikahesabu noti nne nikafuata kwa teno, na wale wengine wakaingia kwa alto na besi. Hapakuwa na kinanda, palikuwa na kuku tu.

Nyanya aliacha ungo. Tulipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mbona wewe unarudia maneno aliyoyasema mwenzako?"

Nikamwambia, "Ndivyo ulivyotungwa, nyanya. Mmoja anatangulia, mwingine anafuata."

"Haya, hayo ya mavuno nimeyasikia," akasema. "Lakini mkono peke yake haukati mahindi. Ungetia na panga humo."

Sasa niko mbioni kutafuta mahali pa kutia panga katika mizani nane bila kuvunja kina. Msomaji mwenzangu, ukipata kabla yangu, nione siku ya mkutano wa chama. Kwa leo nakomea hapo. Wasalaam.